Bonde Lisilo na Mwenyewe

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimefika Mtonyange saa nane mchana, viatu vimejaa tope na mimi nimejaa hasira. Bosi wangu, Vedasto, aliniambia barabara inapitika. Inapitika kwa bata.

Daftari hili ni la kwangu. Taarifa za ofisi najaza kwenye kishikwambi, na huko hakuna mahali pa kuandika kwamba nimechoka. Kazi yenyewe ni hii: kiwanja kidogo cha ndege cha hapa, kaskazini ya mji wa Bagamoyo, kinataka kurefushwa kipokee ndege kubwa zaidi. Njia ya kurukia itaongezwa mita mia sita upande wa mashariki, na ili iongezwe, Bonde la Kiparara litafukiwa. Tathmini ya mazingira ilishaandikwa Agosti. Kimebaki kiambatisho cha masika. Kila asubuhi nipime maji ya bonde na nihesabu ndege, basi. Tarehe 22 Mei kamati ya mapitio itakuja kijijini kusikiliza watu, halafu iamue.

Ripoti ya Agosti niliiandika mimi. Ukurasa wa 47: "Bonde la Kiparara ni nyasi kavu. Halina mmiliki wala mtumiaji wa kudumu." Nimeusoma tena ndani ya basi nikajipongeza kwa kuandika kwa ufupi.

Nimepanga chumba kwa Bi Mwanamkasi, mjane wa miaka sitini na kitu. Shikamoo yangu aliipokea bila kuinua macho kwenye ungo. Nadhani ni swaumu, au ni mimi.

Jumatano, 12 Machi

Nimechomeka mti wa kupimia katikati ya bonde. Maji sentimita 4. Yangeyange, wale ndege weupe wa majini, sita. Kwa kazi hii nilisoma chuo miaka minne.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Sentimita 9.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua tena, usiku kucha na mchana kutwa. Sentimita 17. Bi Mwanamkasi ametoka mara tatu kutazama upande wa bonde. Nilimwuliza anatafuta nini, akasema, "Natazama kama yametulia." Sikumwuliza nini kimetulia. Alinikata kauli kwa jicho tu.

Jumanne, 18 Machi

Acha niandike yote.

Asubuhi nilikwenda kupima maji kama kawaida, nikakuta wanawake. Si wawili watatu. Niliwahesabu kama ninavyohesabu ndege: thelathini na wanane, kanga zimefungwa magotini, kila mmoja na kigingi mkononi. Bi Mwanamkasi alikuwa ndani ya maji, mbele ya wote, anatembea polepole akipima kina kwa miguu yake. Akifika mahali anasimama, anasema, "Hapa," wenzake wanatazama.

Nilisimama pembeni na mabuti yangu ya mvua kama mgeni aliyekosea harusi. Mwanamke mmoja mrefu, Ashatu, ndiye aliyenionea huruma akanieleza. Kiparara ni bonde la mpunga la wanawake wa Mtonyange. Mama zao walilima hapa, na mama wa mama zao. Lakini hakuna mwenye kipande chake. Kila masika, mvua kubwa ya kwanza ikishatulia siku tatu, wanakuja kugawana upya, kwa sababu maji hayakai pale pale kila mwaka. Aliyepata pembeni mwaka jana, kunakokauka mapema, mwaka huu anachagua mwanzo. Aliyepata katikati anangoja mwisho.

"Mimi mwaka jana nilikuwa wa katikati," alisema Ashatu akicheka. "Nilivuna mpaka majirani wakaninunia. Mwaka huu nakwenda huko kwenye vyura."

Nikamwuliza, "Na kiangazi, bonde ni la nani?"

Alinitazama kama nimemwuliza jua la usiku ni la nani. "Kiangazi si bonde, dada. Kiangazi ni nyasi."

Nikakumbuka mkutano wa Agosti. Niliuliza, "Mmiliki wa eneo hili ni nani?" Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mikidadi, akajibu, "Pale hapana mwenyewe," na wanaume wote wakaitikia kwa vichwa. Hawakunidanganya. Wanawake walikuwa wamekaa nyuma, na mimi sikugeuza shingo kuwauliza.

Vigingi vimeshachomekwa. Kuanzia kesho wanapanda. Mimi nimekaa kitandani na ukurasa wa 47 mapajani, na sioni tena uzuri wa ufupi wake.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia Vedasto. Akasema, "Verdiana, kiambatisho ni kiambatisho. Maji na ndege. Usinifungulie ripoti upya."

Nikamwambia kuna watu thelathini na wanane.

"Wana hati?"

"Hawana."

"Basi wajazie fomu, jina na kipande, tuone." Akakata simu. Sikutegemea hata hilo, kwa hiyo nimefurahi.

Alhamisi, 27 Machi

Siku nane nimezunguka bondeni na jipiesi. Nimechukua pembe nne za kila kipande: jina, ukubwa, ramani yenye rangi. Namba moja hadi thelathini na nane. Kazi safi kabisa. Nimechapisha nakala Bagamoyo mjini na kumpa kila mmoja yake. Wananiita Mama Kijiti kwa sababu ya mti wangu wa maji, na sasa nikipita wananiita kwa kicheko. Bi Mwanamkasi amenifungulia kidogo: leo aliniwekea futari bila kuniuliza kama nafunga. Nilikula kwa adabu zote.

Kwamba ni mimi niliyeandika ile ya Agosti, sijawaambia; wanakumbuka niliuliza mkutanoni, lakini wanadhani aliyeandika ni mtu mwingine. Wanajua tu kwamba "karatasi ya serikali" inasema bonde ni bure. Nitawaambia.

Sentimita 26.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau nyumba tatu. Sijahesabu ndege, ndege wanisamehe. Sijasema.

Alhamisi, 3 Aprili

Mhandisi wa mradi, Haidar, amekuja na gari jeupe na miwani ya jua, siku isiyo na jua. Alisimama kwenye kifusi cha udongo pembeni akapiga picha bonde, akaniambia, "Mpunga unaleta ndege, dada. Ndege wako hao kwenye injini ni balaa." Akaondoka. Anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi: leo yangeyange walikuwa mia moja na arobaini, na nimewaandika wote.

Jumatano, 9 Aprili

Siku mbaya kuliko zote tangu nije.

Ashatu aliingia uani asubuhi na karatasi yangu mkononi, hata hodi hakupiga. Bi Mwanamkasi alikuwa anakuna nazi.

"Dada, hapa umeniandika nini?"

"Kipande chako."

"Changu cha mwaka huu! Huku ni pembeni, kwenye vyura. Mwakani naanza mimi kuchagua. Sasa karatasi yako inasema pembeni ni pangu mpaka nife?"

Nilianza kueleza, jina likiwa kwenye fomu ndipo mtu anatambulika, ndipo anaweza kudai. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Ashatu hakuwa amemaliza. Sabiha, ambaye mwaka huu amepata katikati, ameshawaambia wanawe kwamba pale ni pao, pameandikwa serikalini, na jana alimkataza mtu kupita na miche. Wawili wengine wamesogeza vigingi vyao kwa kisingizio cha ramani yangu. Palizi, ambayo hufanywa kwa pamoja, kila mtu jana alikwenda kivyake.

Ashatu aliiweka karatasi kando ya mbuzi ya kukunia nazi, akaondoka. Nilitegemea Bi Mwanamkasi anitetee. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu.

"Mimi nimezaliwa hapa," akasema mwishoni. "Njaa nimeiona, mafuriko nimeyaona. Kugombania bonde sijapata kuona. Wewe umekaa mwezi mmoja tu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nimelia chumbani kama mtoto wa shule, nikaona hata kulia nalia kwa kujionea huruma mimi, si wao.

Sentimita 31. Sijahesabu ndege.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepita nyumba kwa nyumba kuomba karatasi zangu zirudishwe. Nimepewa thelathini na moja. Sabiha amekataa ya kwake.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Hakuna anayeniita Mama Kijiti.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimekwenda misa mjini, nimerudi nimelowa. Bi Mwanamkasi alikuwa ameniwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka, ameufunika. "Sikukuu ni sikukuu," alisema. Yule mama niliyemwandika humu mwezi uliopita kuwa ni mkali, nilimwandika vibaya. Ni mtu asiyepoteza maneno, na mimi ni mtu ninayeyapoteza kwa magunia. Nilikaribia kumwambia habari ya Agosti. Wali ulikuwa mtamu, nikaogopa kuuharibu.

Alhamisi, 24 Aprili

Imenyesha siku tatu bila kupumua. Asubuhi maji ya bonde yalikuwa sentimita 63, na bado yanapanda.

Nilikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, nimeushika mti wa kupimia, nikasikia mtu anaita. Haidar. Gari jeupe lilikuwa limezama tope kule njiani. Miwani hana, suruali ameikunja, viatu kaning'iniza shingoni. Aliingia mwenyewe majini, akaja mpaka kwenye mti, akasoma namba. Akasoma tena.

"Mchoro wangu ni wa sentimita ishirini," alisema. "Makalavati yote ya kupitishia maji nimeyapangia ishirini."

"Ishirini umeipata wapi?"

Akanitazama. "Kwenye ripoti yako ya Agosti. Si wewe Verdiana?"

Nilikuwa nimekisia ile namba kwa kutazama alama za tope kwenye nyasi kavu. Niliikisia bila wasiwasi, nikiwa na haraka ya kurudi Dar.

Alinyoosha mkono kuelekea kwenye nyumba. "Nikifukia hapa, maji haya hayana pa kwenda isipokuwa kule. Zahanati ile, na nyumba zote zilizo chini yake."

Tulisimama pale mvua ikitupiga. Nikamwuliza kama hapakuwa na upande mwingine. Akacheka, si kwa furaha. "Magharibi kuna mwinuko, mkonge wa zamani uliokufa. Mimi nilipendekeza magharibi tangu mwanzo. Nikaambiwa huko kuna mikorosho ya watu, na mashariki hakuna mtu. Nani kasema hakuna mtu? Ukurasa wa 47."

Kwa hiyo ndiyo hiyo. Mstari wangu haukusahau bonde tu, ndio uliolichagua.

Nilimwambia kila kitu, kugawana, vigingi, ramani yangu na ugomvi wake. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Magharibi ndege zetu zitaruka mbali na mpunga. Hata hao yangeyange wako mia na arobaini hawatanisumbua. Nipe vipimo vyako vya kila siku, vyote, hata vile vya sentimita nne." Kijana niliyedhani hana masikio.

Tulisukuma gari lile na watu sita hadi adhuhuri.

Ijumaa, 25 Aprili

71. Mpunga wa katikati umezama wote, wa Sabiha ukiwamo. Wa Ashatu, huko kwenye vyura, unaonekana vizuri.

Jumatatu, 28 Aprili

48. Maji yanashuka. Asubuhi nimekuta wanawake kama ishirini wanaatika upya kwenye vipande vilivyozama, kwa miche ya wale wa pembeni. Ashatu alikuwa kwenye kipande cha Sabiha, anachomeka mche mmoja mmoja na kumtukana Sabiha kwa kila mche. Sabiha anacheka huku machozi yanamtoka.

Ijumaa, 2 Mei

Wanawake wamekuja baada ya sala ya Ijumaa, wamejaa uani. Sabiha alitangulia. Alinirudishia ramani yake, imekunjwa mara nane.

Aliyesema ni Ashatu. "Mama Kijiti, fomu yako ina mahali pa jina moja na kipande kimoja. Sisi hatuko hivyo. Andika majina yote, usiandike kipande. Halafu chini andika tunavyogawana, neno kwa neno, nani anaanza na nani anangoja. Hilo ndilo letu. Kipande si cha mtu."

Nikasema fomu haina nafasi ya jambo hilo.

"Si ulisoma?" akasema Bi Mwanamkasi kutoka mlangoni. "Chora nafasi."

Nikachora. Majina thelathini na manane kwenye karatasi kubwa moja, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba kwa wino wa Mzee Mikidadi, ambaye alileta muhuri bila kuombwa. Nilishangaa, maana upande wa magharibi kuna mikorosho yake kumi na mmoja. Nilipofika jina la ishirini na mbili nikaelewa: Adila, mke wake. Alisimama nyuma yake mpaka alipomaliza kugonga muhuri.

Ile kanuni ya kugawana imechukua kurasa tatu, kwa sababu walibishana kila sentensi. Sijafurahia kazi namna hii tangu nianze kazi. Na la kwangu bado sijasema.

Jumatatu, 12 Mei

Nimetuma ripoti. Nimeandika: "Agosti nilikosea. Sikuwauliza wanaolima, na kina cha maji nilikikisia."

Vedasto kapiga simu baada ya nusu saa. "Toa hiyo 'nilikosea'. Andika 'imebainika'. Kampuni haiwezi kusimama mbele ya kamati ikasema imekosea."

"Sijasema kampuni, bosi. Nimesema mimi."

"Utajua mwenyewe," akasema. Lakini hakuifuta, nimetazama nakala iliyokwenda kwenye kamati.

Jumatano, 21 Mei

Sentimita 22. Sili, silali. Kesho.

Alhamisi, 22 Mei

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule. Wajumbe wa kamati watano, Vedasto na tai yake, Haidar na michoro miwili badala ya mmoja. Nilipoingia niliona jambo ambalo Agosti halikuwapo: wanawake wamekaa mistari mitatu ya mbele. Wanaume wamekosa viti, wamesimama dirishani.

Haidar alianza. Alionyesha mashariki na maji ya siku 72, halafu magharibi na mwinuko wake. Hakuficha mabaya ya magharibi: kelele zitafika shuleni, na mikorosho itakatwa. Alitaja masharti ya kelele, saa za kuruka, fidia ya miti.

Kisha mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye sauti nyembamba, akashika ripoti mbili, moja kila mkono.

"Hii ya Agosti inasema bonde halina mtumiaji. Hii ya Mei inasema wako thelathini na wanane. Na hii ya Mei inasema 'nilikosea'. Huyo aliyekosea ni nani?"

Vedasto akainuka, "Kampuni yetu..." Nikasimama kabla hajafika mbali.

"Ni mimi. Verdiana. Niliandika ya Agosti. Nilikuja kiangazi, nikauliza swali moja, nikajibiwa na wasiolima, nikaandika hakuna mtu. Sababu hiyo ndiyo iliyofanya mashariki kuchaguliwa."

Sikuweza kumtazama mwenyekiti, nilimtazama Bi Mwanamkasi, na uso wake ulikuwa umejifunga kama ile siku ya kwanza ya ungo. Ashatu aliweka mkono mdomoni.

Mwenyekiti akauliza kama wanawake wana la kusema. Bi Mwanamkasi alisimama, akatengeneza mtandio wake taratibu.

"Mimi nimekaa naye nyumba moja miezi miwili na zaidi, na kwamba aliyeandika ni yeye sikulijua. Nimeudhika, na nitamwambia nyumbani, si mbele za watu." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Lakini Agosti na sisi tulikuwapo. Tulikaa nyuma. Aliuliza bonde la nani, tukawaachia wanaume wajibu, na wao bonde hawalijui, wanaujua wali ukishaiva. Tulijua jibu si hilo, tukanyamaza. Kwa hiyo kosa ni la wengi, asilibebe peke yake. Leo tumekaa mbele, na majina yetu mnayo hapo. Someni."

Akakaa. Mwenyekiti akasoma majina yote, moja moja, na kila aliyeitwa akasimama.

Mzee Mikidadi aliulizwa kama ana pingamizi juu ya mikorosho yake. Alikohoa, akamwangalia Adila, akasema hana.

Nyumbani niliambiwa kweli. Bi Mwanamkasi alizungumza tangu chai inachemka mpaka imepoa, na kila neno lilikuwa la haki. Alipomaliza akaniuliza kama nitakunywa hiyo chai au ataimwaga.

Jumapili, 8 Juni

Mpunga umeanza kutoa mashuke. Sasa ni zamu ya kuwinga ndege, na mimi nimepewa pembe yangu ya bonde, na kopo lenye mawe ndani. Miezi mitatu nimehesabu ndege kwa utulivu. Kumbe raha yake ni kuwafukuza.

Jumanne, 17 Juni

Barua imefika kwa Mwenyekiti wa kijiji saa nne, na saa nne na nusu uani kwa Bi Mwanamkasi hapana pa kuweka mguu. Nimepewa mimi niisome.

Kiwanja kitarefushwa kuelekea magharibi. Bonde la Kiparara halitafukiwa. Masharti ya kelele kwa ajili ya shule yamewekwa yote, na Mzee Mikidadi na jirani zake watalipwa miti yao kabla ya tingatinga kuingia. Nilipofika aya ya mwisho niliisoma kwanza kwa macho, halafu kwa sauti: "Bonde hili ni la wanawake wa Mtonyange kwa pamoja, na ugawaji wake hufanywa nao wenyewe kila masika."

Vigelegele vilipasua masikio. Ashatu alimnyanyua Sabiha juu kwa juu. Nilikuwa nalia wazi wazi na sikujali. Nimefurahi kuliko siku niliyopata kazi hii, na sijui hata kama kazi yenyewe bado ninayo.

Bi Mwanamkasi hakupiga kigelegele. Alisogea karibu, akaweka kidole kwenye barua ambayo hawezi kuisoma.

"Hapo mwisho wamesemaje?"

"Kila masika."

"Soma tena."

Nikasoma tena.